Kasuku Aliyelilia Jina

Juzi nimenunua mkeka wa mafunjo sokoni hapa Migori, kwa mama mmoja aliyeuleta kutoka upande wa Sindo, na tangu niuingize nyumbani nimekuwa kituko. Kila nikipita karibu yake nauinamia na kuunusa. Binti yangu ameniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia mkeka mpya una harufu ya ziwa. Akaunusa na yeye, akakunja pua, akasema unanuka majani. Simlaumu. Mimi nikinusa mafunjo ambayo bado yana ubichi kidogo, namwona kasuku mdogo wa kijani akitembea juu ya meza ya mama yangu kule Mbita, kifua mbele, vipande vya mkeka vikimning'inia nyuma, na hapo nacheka peke yangu hata kama siku imeniendea vibaya.

Ninyi wa rika langu mliokulia kandokando ya ziwa mnajua kwamba kwetu ndege wa kufuga alikuwa kuku, au bata, na kwa wenye makuu, njiwa. Kasuku tulimwona kwenye picha ya kitabu cha shule. Huyu wetu hakununuliwa wala hakutegwa. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye boti la abiria lililokwenda Takawiri na kurudi, yeye ndiye aliyefunga na kufungua kamba, na adhuhuri moja boti likiwa linaondoka kisiwani, ndege huyu akatua juu ya kamba iliyokunjwa, akasafiri hadi Mbita bila kulipa nauli. Abiria walisema bila shaka ametoroka kwa mgeni fulani, kwa kuwa hakuogopa watu. Mmoja aliyewahi kufanya kazi mjini akasema wauzaji huwaita ndege wa mapenzi, kwa sababu hupenda kukaa wawili wawili. Baba aliulizia mwenyewe kila safari, hakutokea mtu. Basi akawa wetu. Na kwa kuwa alifika jua likiwa utosini, tukamwita Ochieng', kama tunavyomwita mtoto wa kiume aliyezaliwa saa za jua kali. Kwamba ni wa kiume tuliamua sisi, yeye hakuulizwa.

Alikuwa mpole kupita kiasi. Uso wake ulikuwa wa rangi ya tikiti lililoiva, mwili kijani, na mkia mfupi wenye buluu kidogo. Nikichambua dagaa wa omena uani, alikaa begani mwangu akiniguguna sikio taratibu, na nikimaliza aliingia ndani ya kola ya sare yangu akasinzia. Kaka yangu Ouko, aliyenizidi umri kidogo na maneno mengi, alimfundisha kupanda juu ya kidole. Hakuwa na tundu. Baba alisema aliyekuja kwa hiari yake hafungwi, kwa hiyo alilala juu ya kamba ya nguo pale sebuleni na kuturukia asubuhi tukinywa uji. Nilimpenda ndege yule kuliko nilivyowapenda jamaa zangu wengi, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wao hawakuwahi kulala kwenye kola yangu.

Kisha akabadilika. Haikuwa ghafla, lakini kwangu ilikuwa kama ghafla. Alianza kupiga kelele tangu kunapopambazuka, kelele za kukwaruza masikio. Begani hakutaka tena. Alijificha chini ya kitanda, nyuma ya magunia, ndani ya kiatu cha Baba, na mtu akimsogelea alijitutumua na kumkimbiza kwa miguu. Ouko aling'atwa kidole kilekile alichomfundishia. Kubwa zaidi, akaushambulia mkeka wa wageni, ule ambao Mama aliutandika tu kukiwa na wageni wa maana. Aliukata ukingo kwa mdomo, ukanda baada ya ukanda, mrefu na mwembamba, umenyooka utadhani umepimwa kwa rula. Halafu, hili ndilo lililotushangaza, hakuubeba ukanda mdomoni kama ndege wengine. Aligeuza shingo akauchomeka katikati ya manyoya, hapo juu ya mkia, akaenda kuukata mwingine. Nusu yake ilidondoka njiani, naye akarudi kuanza upya bila kukata tamaa. Nikimwita, hakuniangalia. Nililia nyuma ya jiko. Niliamini kwamba amenichoka.

Sabato moja alasiri, mzee wa kanisa alikuja kumwona mdogo wetu mchanga. Alikuwa mtu mzito, wa heshima, mwenye kofia nzuri aliyoiweka mezani ikiangalia juu. Tukainamisha vichwa. Maombi yalikuwa marefu, ndege alikuwa na muda wa kutosha. Mzee alipomaliza na kunyoosha mkono kuchukua kofia yake, Ochieng' alikuwa amekwisha kuhamia humo ndani na vipande vyake, na akamng'ata kidole kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Ile Amina ya mzee ilikuwa na maneno ya ziada. Ouko alitoka nje akicheka, akachapwa. Mimi nilibaki ndani, ndiyo maana nilisikia hukumu.

"Vidole vya mtoto wangu ni vidogo kuliko vya huyo mzee," Mama alisema, akimfunga mdogo wetu mgongoni. "Huyo ndege aende kabla ya Sabato ijayo. Sitaki kumpata hapa."

Mahali pa kwenda palikuwapo. Mwenye hoteli mmoja karibu na gati alikuwa amemtaka siku nyingi ili achangamshe wateja, na tundu alikuwa nalo tayari, la waya, limening'inizwa pale pale juu ya jiko la chapati. Nilikuwa nimeliona. Lilikuwa jeusi kwa moshi. Tangu hapo sikuwa na wazo lingine ila kwamba ndani ya wiki moja Ochieng' ama arudiwe na akili zake, ama akae moshini mpaka afe.

Aliyekuwa akinifundisha kila kitu ni Nyanya, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa boma letu. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli, wa kupika Ijumaa na kufunika sufuria, lakini mila hakuiacha yote. Aliishika kwa mkono wa pili. Yeye ndiye aliyetusimulia kuhusu chieno, ule mkia wa nyuzi ambao wanawake walioolewa zamani walivaa kiunoni ukashuka nyuma. Alisema mwanamke aliyevaa chieno aliheshimiwa, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Sasa nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya mkeka ulioliwa, nikamwona Ochieng' kwa nyuma akienda zake chini ya meza, vipande vinatikisika kushoto na kulia. Nikakaa. Huyu hakuwa amewehuka. Huyu alikuwa amevaa chieno. Ndani ya ndege wetu mlikuwa na bibi wa zamani, mke wa mtu, na sisi tulikuwa tukimwita kwa jina la mvulana.

Ukitaka kujua mtoto anawezaje kufika huko, kumbuka tuliyoyaona nyumbani muda mfupi kabla. Mdogo wetu alipozaliwa alilia mchana kutwa, hataki titi, hana homa. Kwetu wazee wakiona hivyo husema mtoto analilia jina: kuna marehemu anayetaka kukumbukwa, na mtoto hatatulia mpaka apewe jina la huyo. Nyanya alimpakata, akawa anawaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, polepole, huku mtoto anapiga kelele. Alipofika kwa Odero, kaka yake Babu, mtoto akanyamaza, akameza mate, akatafuta titi. Mama, mwimbaji wa kwaya, alisema ni usingizi tu umemshika. Lakini mtoto aliitwa Odero, na hakulia tena hivyo. Nililiona hilo kwa macho yangu, na dawa niliyoiona ikifanya kazi kwa mtoto sikuona kwa nini isifanye kazi kwa ndege.

Nilimweleza Ouko. Alinisikiliza akiwa amefunga kidole kitambaa.

"Huyu ni mwanaume," alisema. "Achana na majina ya wamama."

Nikamwambia amtazame kwa nyuma. Akamtazama muda mrefu. Ouko alikuwa mbishi lakini hakuwa mjinga, na chieno alikijua kama mimi. Akakubali.

Tulingoja Mama aende ufuoni kununua omena, tukaingia jikoni, ambako ndege alikuwa juu ya kikapu cha kuwekea mbegu cha Nyanya, kilichoning'inizwa kwenye boriti kikiwa kitupu. Alituona akaanza kelele. Nilikunja mikono kama Nyanya. Nikaita jina la mama yake Babu. Kelele. Nikaita shangazi yake Baba aliyefia Sindo. Kelele zaidi. Tukawaita wake wa wajomba, na bibi mmoja jirani ambaye tulimjua kwa ukali tu. Ndege alijitutumua na kupiga mabawa. Majina yalipotuishia, Ouko akajaribu mwalimu wa chekechea aliyefariki, halafu, kwa kukata tamaa, ng'ombe wetu wa zamani. Nikamfinya. Hata mimi niliona kwamba hapo tumevuka mpaka.

Lilibaki jina moja, na hilo hatukulitamka kwa sababu nyumbani kwetu halikutamkwa; tulilisikia kwa majirani tu. Nyanya alikuwa na mke mwenzake, naye alifariki kabla hatujazaliwa. Kaburi lake lilikuwa upande wa chini wa boma, na Baba ndiye aliyelipalilia, peke yake, bila kusema kitu. Akitajwa, Nyanya aliinuka na kwenda zake. Mimi kwa akili yangu nilidhani ni jina lenye radi ndani yake, ukilisema mabati yataondoka. Nilishika mkono wa Ouko. Nikasema kwa sauti ndogo, "Awino, binti wa Takawiri."

Ndege akanyamaza.

Alitugeuzia jicho moja, akatugeuzia la pili. Akajitikisa. Kisha, taratibu, akateremka ndani ya kikapu na chieno chake, tukamsikia akijipanga humo, na kimya kikawa kirefu hata tukaanza kuogopa. Mabati yalikuwa mahali pake. Ouko alinong'ona kwamba kumbe ndege naye alikuja kwa boti la Takawiri. Tulitazamana. Hatukuwa tumelifikiria hilo, na lilipotuingia tulitoka mbio mpaka kwenye miwa, tukaruka na kugaragara kwa furaha kama watu walioponya mgonjwa.

Siku iliyofuata hakupiga kelele. Hakutoka kikapuni ila kunywa maji na kula mtama. Nilijua ni jina limemtuliza, na nilikuwa nikitembea shingo juu kama daktari. Siku moja baadaye Mama alishusha kikapu, akachungulia, akamwita Baba. Ndani yake, juu ya kitanda cha mkeka wake wa wageni, kulikuwa na yai jeupe, dogo kuliko ncha ya kidole gumba.

Mama aliliangalia yai. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na nadhani kitu fulani kilimlainika, lakini neno lake alikuwa amekwisha kulitoa. Akasema basi, mwenye hoteli atamchukua pamoja na yai lake. Hapo nikaona hakuna lingine, nikasema ukweli wote. Nikasema hawezi kumpeleka hotelini, kwa sababu huyu si Ochieng'. Ni Awino, binti wa Takawiri, ameitikia mwenyewe.

Mama alishika mdomo. Nyie mnajua heshima iliyopo kati ya mke na mama mkwe. Na hapa mama mkwe mzima alikuwa amekaa kwenye kikapu, jikoni mwake. Alitaka kunikemea, kicheko kikamshinda, akamtazama Baba ili wacheke wote. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono juu ya ukingo wa kikapu, na macho yake yalikuwa na maji. Sikuelewa. Nilifikiri ameng'atwa.

Nyanya alikuja jioni ile ile. Nani alimwambia sijui, Ouko alikana. Alikuja na fimbo yake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, akaketi mbele ya kikapu bila kusalimu mtu, na mimi nikajibanza nyuma ya Mama nikingoja radi. Aliuliza ni nani aliyelitoa jina lile. Nilimwambia ni mimi, lakini ni yeye ndege aliyelichagua, wengine wote aliwakataa. Akauliza huyu ndege alitoka wapi, maana yeye alimjua ni ndege wa boti tu.

"Takawiri, Mama," Baba alisema. "Alipanda mwenyewe. Akakaa kwenye kamba zangu mpaka tukafika."

Nyanya aliinamia kikapu. Ndege akatoa kichwa, akamtazama, akajitutumua kidogo kwa tahadhari. Nyanya naye akajiweka sawa, akakaza kitambaa chake. Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni cha msichana, mpaka fimbo ikaanguka. Alizungumza Kijaluo, kwa hiyo haya niliyoyaandika ni yake lakini hayana utamu wake.

"Awino. Hata kuja unakuja bila kubisha hodi, kama zamani," alisema. Kisha akamgeukia Mama. "Mwenye boma haondolewi kwa ajili ya kidole cha mzee wa kanisa."

Mambo yakaishia hapo. Mama mkwe mmoja akiwa kikapuni na mwingine akiwa kwenye kiti, Mama alikuwa amezidiwa. Kikapu kikapelekwa kwenye nyumba ya Nyanya, mbali na vidole vya Odero. Mwenye hoteli akaambiwa ndege ana uzazi, naye akasema hajawahi kusikia sababu kama hiyo.

Nyanya akawa mkunga. Alisaga maganda ya mayai ya kuku akayachanganya na mtama, akatukataza kutia mkono kikapuni, na akatuonyesha kwamba ndege hang'ati ovyo. Hung'ata anayemfuata nyumbani kwake. Mayai mengine yakafuata. Kila nikirudi kutoka shule nilimkuta Nyanya ameketi karibu na kikapu akichambua mboga na kupiga soga, habari za bei ya omena, nani ameoa, nani amejenga, na ndege akijibu kwa sauti ya chini. Alikuwa akimsimulia miaka mingi kwa mpigo. Sisi tulihesabu vifaranga ambao hawajaanguliwa na kugombana ni nani atachukua yupi.

Hawakuanguliwa. Baba alitueleza kwamba hata kuku hutaga bila jogoo, na yai la namna hiyo haliwi kitu. Mama, aliyekuwa akimwonea huruma kwa jinsi alivyokonda, alisema kwa wema tu kwamba ayatoe, maana anaatamia bure. Akanyoosha mkono. Nyanya akamshika.

"Mwache. Atayaacha mwenyewe akitosheka," alisema. "Safari hii hakuna atakayemnyang'anya."

Nilidhani anasema juu ya mayai. Baba alikuja kunieleza nikiwa mtu mzima, siku tulipokuwa tukipalilia lile kaburi pamoja. Awino hakujaliwa mtoto, na Nyanya kwa ukarimu wake alimpa mwanawe wa kwanza amlee, naye alikuwa Baba. Alimlea vizuri mno. Mtoto alipoanza kumwita Awino Mama, na yeye aliyemzaa akawa anamwita kama mgeni, Nyanya alishuka boma mchana wa jua kali, akamchukua kwa mkono, akampandisha kwake. Tangu siku hiyo wake wale wawili hawakusalimiana, mpaka mmoja akazikwa.

Ndege aliyaacha mayai mwenyewe, alipotosheka. Nilikuwapo. Ilikuwa asubuhi, mlango wazi, Nyanya ameketi mkekani akinisuka nywele. Ndege akatoka kikapuni, akajinyoosha bawa moja, mguu mmoja, akaruka moja kwa moja akatua begani mwangu na kuniguguna sikio kama kwamba hajawahi kuondoka. Moyo wangu ulijaa hata sikuthubutu kupumua. Kisha akahamia kwa Nyanya. Akakagua kile kitambaa chake cha kichwa, kilichokuwa na nyuzi ndefu ukingoni, akashika uzi mmoja, akavuta. Niliinua mkono nimfukuze, kwa sababu kile kilikuwa kitambaa chake cha Sabato. Nyanya akanizuia. Uzi ukakatika; ndege akageuza shingo, akauchomeka juu ya mkia, akarudi kutafuta mwingine, na Nyanya akainamisha kichwa ili aufikie.

"Chukua, Awino," alimwambia. "Chukua yote."